"Ni mafua tu"



Katika viwanda na maghala ya upande wetu wa Ngagara, mtu akikohoa, msimamizi humwambia: "Ni mafua tu, chapa kazi." Kwa kijana mwenye kifua kizima neno hilo lina ukweli kiasi. Lakini kati yetu wapo wenye mapafu yaliyokwisha kuharibika. Karatasi ya daktari imeandikwa BPCO, na wengi hawakuelezwa maana yake: njia za pumzi zimekuwa nyembamba, hazifunguki tena sawasawa. Mwaka 2021 ugonjwa huo uliua watu kama milioni 3.5 duniani.

Msimamizi atasema ni sigara. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi maskini tumbaku haifikii hata nusu ya chanzo. Mengine ni moshi wa kuni na makaa, na vumbi la kazini. Mpakia saruji analijua, na seremala pia. Vumbi la pamba lina ugonjwa wake peke yake: kifua hukaza Jumatatu, siku ya kwanza baada ya mapumziko, kisha hulegea. Baada ya miaka mingi hakilegei tena. Na COTEBU ilikuwa hapa hapa kwetu, ndugu zangu. Waliosokota nyuzi leo ni wazee.

Sasa kirusi cha mafua, au cha korona, kikiingia katika mapafu ya namna hiyo, njia za pumzi huvimba, makohozi hujaa, na mtu hukosa hewa. Kupona huchukua wiki nyingi, na mara nyingine pumzi iliyopotea hairudi yote.

Mwenzetu mmoja, mpakizi katika ghala nisilolitaja, aliomba siku tatu za kupumzika. Akanyimwa. Akaendelea kubeba magunia, na siku ya nne akabebwa yeye. Alipotoka hospitali alikuta jina lake limefutwa.

Aliyemwambukiza naye alikuwa mfanyakazi, aliyekuja kazini na homa kwa kuogopa kukatwa mshahara. Hapo ndipo penye shina la jambo hili. Tukimlazimisha mwenye homa kuja kazini, tunamtuma akamwangushe jirani yake.

Mwaka 2020, korona ilipoingia nchini, ndoo za maji na sabuni ziliwekwa kwenye milango. Kumbe inawezekana! Ndoo zile ziko wapi leo?

(Na wenzangu mnaokimbilia duka la dawa kununua amoksisilini: haiui kirusi. Makohozi yakigeuka kijani, au mtu akishindwa kumaliza sentensi bila kutweta, apelekwe kwa daktari upesi.)

Madai yetu ni haya. Mwenye homa na kikohozi akae nyumbani, mshahara wake usiguswe. Mwenye mapafu mabovu aondolewe penye vumbi, apewe kazi nyingine, asifukuzwe. Madirisha ya maghala yafunguliwe. Hilo halina gharama. Na aliyeumizwa na vumbi la kazi afikishwe INSS, ambayo inahusika na magonjwa yatokanayo na kazi, siyo pensheni peke yake.

Wajumbe wa kila kiwanda, kwenye mkutano ujao njooni na hesabu: wangapi kwenu wanakohoa mwaka mzima, na wangapi walikatwa mshahara kwa siku walizougua. Majina msiyaandike. Hesabu inatosha kuanzia mazungumzo na waajiri.