Kioo cheusi si lazima kimekufa

Kobalti ya Kolwezi imo katika betri za kompyuta nyingi duniani. Lakini kompyuta ya kubeba ikiwa na kioo cheusi, shauri la kwanza hapa mjini ni kununua kioo kingine. Ngoja kwanza! Ikiwa alama ya kiwanda inaonekana, kisha Linux inaanza na giza linaingia, huenda kioo ni kizima. Kwenye mashine nyingi za chipu ya ARM, kerneli haivumbui kioo yenyewe. Inaambiwa na faili la maelezo pini gani inakipa umeme, gani inawasha taa ya nyuma. Pini moja ikikosewa, giza. Faili hilo ni maandishi, linasomwa bure. Shule zetu za ufundi Lualaba zinafundisha umeme. Zifundishe na hilo, kabla wazazi hawajalipia kioo cha pili.