Kabla hujanunua Jaguar, uliza fundi wake yuko wapi

Jumamosi jioni ukisimama pale Kondele, utasikia Subaru kabla hujaiona. Vijana wanageuka, wengine wanatoa simu kurekodi. Hiyo ndiyo ndoto ya kwanza ya wengi wetu hapa Kisumu. Lakini kuna ndoto nyingine inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: magari ya spoti ya Uingereza. Jaguar F-Type, Lotus, MG ya zamani isiyo na paa, Mini Cooper. Picha inatumwa, bei imeandikwa kwa pauni, na hakosi mtu wa kuandika: "Omera, hii si hata ni chini ya bei ya Prado? Mbona watu wamelala?"

Hatuandiki kumcheka mtu huyo. Kupenda gari zuri si dhambi, na huku kwetu nyadhi haikuanza jana. Yeyote aliyewahi kwenda mazishi ama harusi dala anajua jinsi magari yanavyohesabiwa langoni, na jinsi swali la nani alikuja na gari gani linavyokuwa hadithi ya mwezi mzima. Shinikizo hilo ni la kweli. Kijana aliyepata kazi yake ya kwanza, ana mkopo wa sacco mkononi na wenzake wanamtazama, anaweza kufanya uamuzi wa dakika tano utakaomfuata miaka mitano. Ndiyo maana tunataka hesabu hii ifanywe hadharani, polepole, kabla pesa haijatumwa.

Tuanze na ile bei kwenye picha. Jaguar F-Type ilianza kuuzwa 2013 na utengenezaji wake ukakoma 2024. Leo kule Uingereza, zile za miaka ya kwanza zinapatikana kwa kama pauni 20,000, chini ya nusu ya bei zilipokuwa mpya. Kwa shilingi zetu ni kitu kama milioni tatu na kidogo. Hapo ndipo macho yanapong'aa. Tatizo ni kwamba Kenya hairuhusu gari kuukuu kuingizwa likiwa limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo ile F-Type ya bei nafuu unayoitamani ndiyo hasa isiyoruhusiwa kushuka bandarini Mombasa. Inayoruhusiwa ni ya karibuni zaidi, na bei yake si hiyo.

Halafu kuna kodi. Mamlaka ya Ushuru (KRA) haitegemei risiti yako. Ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, na kutoka hapo inapunguza kulingana na umri wa gari ili kupata thamani ya forodha. Tuseme thamani hiyo imefika Sh1 milioni. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani Sh350,000. Ushuru wa bidhaa kwa gari la petroli lenye injini ya zaidi ya sisi 1,500 ni asilimia 25, na unatozwa juu ya ile jumla: Sh337,500 nyingine. VAT ya asilimia 16 inakuja juu ya vyote: Sh270,000. Kodi hizo tatu pekee zimefika Sh957,500, na bado hujalipa ada ya tangazo la uagizaji, ada ya reli, wakala wa bandari wala mafuta ya kulileta Kisumu. Injini ikizidi sisi 3,000, kama ile F-Type ya lita tano, ushuru wa bidhaa unapanda hadi asilimia 35 na jumla ya kodi inapita bei ya gari lenyewe.

"Sawa," mtetezi wa ndoto atasema, "lakini magari ya Uingereza hupanda thamani. Ni uwekezaji." Hapa tusimame kidogo, kwa sababu kuna ukweli ndani yake. McLaren F1 ilitengenezwa magari 106 tu katika miaka ya 1990. Moja iliuzwa mnadani Marekani mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 20. Jaguar E-Type, iliyotambulishwa Geneva mwaka 1961, nayo inatafutwa na matajiri hadi leo. Lakini angalia kilichozipandisha bei: chache zilizobaki katika hali nzuri, historia iliyoandikwa ya kila fundi aliyezigusa, na wanunuzi wengi wanaozipigania. MGB ni ya Uingereza vilevile, na inapendwa, ila zilitengenezwa zaidi ya nusu milioni kati ya 1962 na 1980. Kwa hivyo hata kule kwao haijawahi kuwa mgodi wa dhahabu. Bendera kwenye boneti haipandishi bei. Gari la spoti la kawaida hushuka thamani kama gari lingine lolote, na mara nyingi kwa kasi zaidi.

Kama unadhani ni washamba tu wanaochomeka, kumbuka Ford. Kampuni hiyo ya Marekani ilinunua Jaguar mwaka 1989 kwa dola bilioni 2.5. Mwaka 2000 ikaongeza Land Rover kwa dola bilioni 2.7 hivi. Mwaka 2008 iliuza zote mbili kwa Tata ya India kwa dola bilioni 2.3. Soma tena hizo namba. Wataalamu wenye viwanda, mawakili na wahasibu walinunua jina la Uingereza kwa bei ya juu, wakamwaga pesa nyingine kulitunza, wakaliuza kwa chini ya nusu. Na si wao tu waliopokezana majina haya. Leo MG ni mali ya SAIC ya China, Lotus iko chini ya Geely ya China, na Mini ni ya BMW ya Ujerumani. Kumiliki kitu kizuri ni jambo moja. Kumudu kukitunza ni jambo jingine kabisa.

Sasa turudi Kisumu, tulinganishe haya magari kwa macho ya mtu anayeishi hapa.

F-Type ndiyo ya kuvutia zaidi na ndiyo ya kuogopesha zaidi. Iko chini, na barabara ya kwenda Busia ina matuta yasiyo na huruma. Ukikata kona kuingia murram ya Seme, umeanza kulima. Taa moja ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi, unahitaji kompyuta ya kulisoma na mtu anayeielewa. Gereji za aina hiyo nyingi ziko Nairobi, kilomita 350 hivi kutoka hapa, na gari lililokataa kuwaka halijiendeshi kwenda huko.

Lotus ina siri inayofurahisha: kwa miaka mingi imetumia injini za Toyota, kuanzia Elise za 2004 na kuendelea hadi Emira ya V6 ya lita 3.5. Fundi wetu akifungua hapo ndani hatakuwa mgeni kabisa. Lakini bodi yake si bati la kugongwa kwa nyundo na kupakwa rangi Kibuye. Mwendeshaji wa boda akikugusa kidogo tu kwenye msongamano, utaagiza kipande kutoka ng'ambo na kusubiri.

MG ya zamani ni kinyume chake. Haina kompyuta. Ina kabureta, nyaya na bolti, vitu ambavyo fundi wa jua kali mwenye subira anaweza kuvielewa. Na kwa kuwa zilikuwa nyingi, spea zake bado zinatengenezwa Uingereza. Ila kwa kanuni ile ya miaka minane, utakayoipata itakuwa moja kati ya zile zilizokuwa nchini tayari, na nyingi zimepita mikono isiyohesabika. Hilo ni gari la mapenzi, la Jumapili, la kukodishwa harusini na la maonyesho kama yale ya Concours d'Elegance kule Ngong Racecourse. Si la kwenda nalo kazini mvua ikinyesha.

Mini Cooper ndiyo yenye akili kidogo. Watu watabishana kama ni gari la spoti, lakini mababu zake walishinda mbio za Monte Carlo 1964, 1965 na 1967, kwa hivyo heshima inayo. Ile Cooper ya kawaida iliyotoka 2014 ina injini ya sisi 1,499, chini kidogo tu ya ule mpaka wa 1,500, na hivyo ushuru wa bidhaa unakuwa asilimia 20. Mafuta inakunywa kwa adabu, na spea zinapitia mkondo wa BMW. Bado si rahisi kama Demio, lakini mtu anaweza kuishi nayo.

Hata hivyo, swali kubwa kwa zote nne ni moja: siku ukikwama, nani atainunua? Thamani ya gari si bei uliyolipa, wala ile unayoiandika kwenye tangazo. Ni idadi ya watu walio tayari kutoa pesa taslimu kesho asubuhi. Weka Fielder, Probox ama Demio kando ya barabara na karatasi ya "Inauzwa", na simu italia kabla jua halijazama ziwani. Mwenye duka anaitaka, mwalimu anaitaka, muuza samaki anayepeleka mbuta sokoni anaitaka. Ukiweka F-Type, watakuja wengi. Watapiga picha. Kisha wataenda zao.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo linalotusumbua zaidi, nalo ni umiliki wenyewe. Gari ukinunua kwa mkopo, jina la mkopeshaji linaandikwa pamoja na lako kwenye logibuku. Na wengi wasioweza kumudu matengenezo hukimbilia mkopo wa logibuku ili kuyalipia. Yaani unalikopea gari ili liendelee kutembea, na ukishindwa kulipa, gari linavutwa usiku na deni linaweza kubaki kama mnada haukufikisha hesabu. Wakati huo ulikuwa mwenye gari machoni pa majirani tu. Kwa karatasi, ulikuwa dereva anayelipa kodi, bima na mafuta ya mali ya mtu mwingine.

Kuna pia wanaonunua kutoka kwa broka na kupewa funguo, stakabadhi ya kuandikwa kwa kalamu na ahadi kwamba uhamisho "utafanyika wiki ijayo". Gari la kifahari linalouzwa haraka na kwa bei ya kutupa lina sababu. Ama lina ugonjwa ama lina deni.

Kwa hivyo msimamo wetu ni huu. Usitume hata shilingi moja ya amana kabla ya kutafuta rekodi za gari kwa NTSA kupitia eCitizen, uone limesajiliwa kwa jina la nani na kama kuna mkopeshaji aliyelishikilia. Usilipe bila kumleta fundi wako mwenyewe, si yule wa muuzaji. Weka kando, mbali na bei, pesa ya matengenezo ya mwaka mzima. Kama huwezi kuiweka, basi gari hilo hujalimudu, hata kama bei umeimudu. Na usinunue gari la kwanza ambalo haliwezi kufunguliwa katika mji unaolala. Anza na linalokutafutia, hata kama ni Probox yenye harufu ya omena. Jaguar itakungoja. Kwa jinsi bei zake zinavyoshuka, kungoja kwenyewe ni akiba.

Wauzaji nao waache kuficha. Historia ya ajali, maili halisi na madeni ni haki ya mnunuzi kujua, si siri ya biashara.

Na kuna upande mwingine ambao hatuuoni kwa sababu tunaangalia rangi ya gari tu. Magari haya yanaharibika, na yakiharibika wenyewe wanalipa pesa ya kweli kuyatengeneza, ila wanailipa Nairobi. Hapa tuna Kisumu National Polytechnic na jua kali iliyojaa vijana wenye mikono hodari. Wanachokosa ni vifaa vya kusoma kompyuta za magari, mafunzo ya umeme wake, na mtu wa kuwaamini na gari la milioni kadhaa. Kaunti na vyuo vyetu vikiweka pesa hapo, kijana wa Manyatta anayejua kutibu Jaguar atapata kutoka kwa gari hilo pesa ambayo mwenyewe hataipata kamwe, na hatakuwa amelipia hata tairi moja.

Ukiona vyaelea, vimeundwa, walisema wazee wa pwani wakiangalia vyombo baharini. Sisi wa ziwani tunaelewa hivyohivyo. Kila gari linalong'aa likipita Kondele lina mtu aliyelala chini yake na spana mkononi. Kabla hujaota kuwa yule aliye kwenye usukani, fikiria kama faida haiko kwa yule aliye chini.