Kabla ya kuandika programu, chora mishale

Nimekuwa kimya, lakini si kwa uvivu. Nilikuwa nyumbani Kibwezi, na badala ya kupumzika nikapewa kazi (mtoto anayejua kompyuta hana likizo, wenzangu mnaelewa).

Shangazi yangu ni mweka hazina wa kikundi cha maji, upande wa kuelekea Mto Athi. Wana kisima kirefu, pampu ya sola, kioski cha kuuzia maji, na deni kidogo. Akaniita chini ya mwembe akaniambia, "Mwanangu, tutengenezee programu ya kupanga. Mipango imetuzidi." Nikafungua laptopu, tayari kuunda majedwali ya hifadhidata. Bahati nzuri betri ilikuwa imekwisha, ikabidi nisome madaftari kwanza.

Madaftari yalikuwa manne. La kwanza lina mpango wa miaka 5, ulioandikwa walipokuwa wakitafuta ufadhili. La pili ni bajeti ya mwaka. La tatu ni ratiba ya kutunza pampu. La nne ni maombi ya kupeleka kwenye mikutano ya kaunti. Kila moja limeandikwa kwa bidii, kila moja na mtu wake, na hakuna hata moja linalolitaja lenzake.

Nikachukua karatasi. Duara kwa kila mpango, na mshale kila mahali ambapo mpango mmoja unahitaji kitu kutoka kwa mwingine. Nusu saa baadaye tukaona mambo mawili. Kwanza, tangi jipya lilikuwa limo katika madaftari matatu: kikundi kilikuwa kinaweka akiba ya kulinunua na wakati huo huo kinajiandaa kuliomba bure. Pili, pampu, ambayo bila hiyo tangi ni pambo tu, haikuwa na mshale wowote kutoka kwenye bajeti. Ratiba inasema fundi aje kila miezi 6. Nani anamlipa? Kimya.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu vizuri. Unabadilisha mstari mmoja hapa, kitu kinavunjika kule, kwa sababu hakuna aliyeandika nini kinategemea nini. Kila kipande kizima, mfumo mbovu.

Sasa wapo watakaosema dawa ni kuunganisha madaftari yote yawe moja. Mimi nakataa. Ratiba ya pampu inakwenda kwa miezi, bajeti kwa mwaka, ndoto ya kikundi kwa miaka 5. Ukiyafunga pamoja unapata daftari moja nene lisilofunguliwa na mtu. Mipango kuingiliana si kosa. Kosa ni mipango miwili kuahidi kulipia kitu kile kile bila kujuana, au yote kudhani kwamba mwingine ndio utakaolipa.

Na hapa ndipo lile daftari la nne liliponifungua macho. Lilikuwa na mstari huu: "Aprili, tupeleke ombi la tangi." Nikajiuliza, kwa nini Aprili? Shangazi akasema, "Si ndio wakati wa bajeti?" Basi nikachora ramani ya pili, ya mipango ya kaunti yenyewe, kwa kufuata sheria.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 104, inasema fedha za umma zisitengwe bila mpango uliopitishwa na bunge la kaunti. Kwa hiyo kila shilingi inapaswa kuwa na mshale unaotoka kwenye mpango fulani. Juu kuna Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008. Kwenye kaunti kuna mipango ya sekta na ya matumizi ya ardhi, ya miaka 10. Kuna ule wa miaka 5 ambao kila mtu anauita CIDP (wa tatu wa Makueni ni wa 2023 hadi 2027). Halafu Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, pia ya 2012, inaweka tarehe: mpango wa maendeleo wa mwaka ufike kwenye bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba kupita, waraka wa mkakati wa fedha 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai.

Kwa lugha ya mashine:

tangi -> CIDP
CIDP -> mpango_wa_mwaka
mpango_wa_mwaka -> mkakati_wa_fedha
mkakati_wa_fedha -> bajeti

Mmeona? Tangi la kujengwa kwa fedha zinazoanza Julai linatakiwa liwe limeandikwa Septemba iliyotangulia, miezi 10 kabla! Ukifika Aprili na wazo jipya, unakuta chakula kimeshapakuliwa. Na Makueni ni kaunti inayosifiwa kwa kuanzia ushirikishaji wa wananchi vijijini. Mlango upo. Ila kuwa na mlango ni jambo moja, kujua unafunguliwa lini ni jambo jingine. Ndiyo maana nasema ramani hii si pambo la ofisini. Bila hiyo, mama anayeamka alfajiri kupanga foleni ya maji anaweza kwenda mkutano usio wake, na kungoja mwaka mzima tena.

Basi nina kanuni tatu. Kila mshale uwe na kitenzi: "unalipia", "unasubiri", "unaomba". Mshale usio na kitenzi ni mstari tu. Kila mshale uwe na tarehe. Na kila mshale uwe na jina la mtu, si "kamati".

Je, ramani haitachakaa? Itachakaa, ndiyo. Kwa hiyo iandikeni kwa njia rahisi kubadilisha. Mwenye kompyuta atumie Graphviz, ni programu ya bure: unaandika mistari kama hiyo hapo juu kwenye faili ya maandishi, nayo inakuchorea. Asiye na kompyuta atumie penseli na kifutio. Kwa kikundi cha shangazi, penseli ilishinda.

Programu sikuandika. Karatasi imebandikwa ndani ya kioski, juu ya meza ya mweka hazina. Ombi la tangi limehamishwa kutoka Aprili hadi Julai, kabla ya mpango wa mwaka kufungwa. Na wameamua kuweka kando shilingi 1 kwa kila mtungi wa lita 20 kwa ajili ya fundi wa pampu. Mshale uliokosekana umepatikana, na shangazi mwenyewe ndiye aliyeuchora.

Najua hainipi sifa yoyote kama mtaalamu. Lakini kama ningeanza na hifadhidata, leo wangekuwa na mkanganyiko ule ule, tena unaohitaji umeme.

Na nyinyi je? Chamani, kanisani, msikitini, kazini: mna mipango mingapi, na ni mshale gani haupo?