Maneno Yetu Yaliyokwenda Ng'ambo

Mwezi huu tunaziweka kando habari za homa za watoto na bei ya mchele, tuzungumze ya kuchangamsha baraza. Wengi wenu mna watoto wanaokaa mbele ya televisheni, au simu ya baba yao, wakitazama katuni ya simba, na mmewasikia wakiimba "hakuna matata" kwa lafudhi ya puani kama Wamarekani. Hebu mwulize mtoto huyo neno hilo limetoka wapi. Aghalabu atakujibu bila kusita kwamba limetoka kwenye filamu.

Jibu hilo linachekesha, lakini akina mama tusilipuuze. Mtoto anayedhani kwamba lugha ya bibi yake ni bidhaa iliyoletwa kwa meli ataithamini pale tu Wazungu wanapoitumia. Kwa hiyo tumekusanya vijihabari vichache vya maneno yetu yaliyosafiri, mpate la kuwasimulia jioni wakati maharage yanachemka.

Tuanze na katuni yenyewe. "The Lion King" ilitoka Marekani mwaka 1994, ikatengenezwa upya mwaka 2019, na majina yake mengi wameyachota kisimani kwetu. Simba ni simba, wala hawakujisumbua. Nyani mzee anaitwa Rafiki. Mama yake Simba ni Sarabi, yaani mazigazi, yale maji ya uongo unayoyaona barabarani jua la mchana likiwaka. Ngiri mnene ni Pumbaa, na kila aliyewahi kumkuta mtoto amepumbaa mlangoni na ndoo tupu mkononi ataona kwamba jina limemfaa. Kali kuliko yote ni la yule fisi jike, Shenzi. Neno ambalo mtoto akilitamka mezani ananyimwa chai, wenzetu wamelifanya jina la kuitana!

Ama kuhusu "hakuna matata", wimbo wa filamu ulitungwa na Waingereza wawili, Elton John na Tim Rice. Lakini miaka 12 kabla yake, yaani 1982, bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilikuwa imekwisha kutoa "Jambo Bwana", wimbo wa kuwakaribisha watalii wenye maneno hayohayo, na mwaka 1983 Boney M. wa Ujerumani wakaurekodi kwa mtindo wao. Huku kwetu Tanzania wengi tungesema "hamna shida", na hakuna anayemwamkia mama mkwe kwa "jambo bwana". Hicho ni Kiswahili cha hotelini, kilichopunguzwa uzito ili mgeni akibebe. Hatukitukani, maana kimewalisha wengi. Ila tusimwache mtoto akue akidhani ndicho Kiswahili chote, halafu shikamoo imshinde.

Huenda mlisikia pia kelele za mwaka 2018. Ilijulikana kwamba kampuni ya Disney iliomba mwaka 1994 kuandikisha "Hakuna Matata" kuwa alama yake ya biashara huko Marekani kwa ajili ya fulana, ikakubaliwa mwaka 2003. Mwanaharakati mmoja kutoka Zimbabwe akaanzisha waraka wa kupinga, na watu wengi mno wakatia saini. Wapo waliodhani kwamba sasa ukisema maneno hayo sokoni utadaiwa fedha. La hasha. Alama ya biashara haimzuii mtu kusema, inahusu kuuza nguo zenye jina hilo, tena huko ilikoandikishwa. Hata hivyo waliokasirika tunawaelewa. Mtu akiingia jikoni kwako akaazima kinu si neno. Akikichora jina lake ndipo majirani wanapotoka nje kutazama.

Jambo la nani ni mwenye mali si geni katika nyimbo zetu. "Malaika" tunaijua sote, hata waliokoma kuimba tangu waolewe. Ni malalamiko ya kijana aliyeshindwa kuoa kwa kukosa fedha. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliipeleka duniani, na mwaka 1965 alitoa santuri pamoja na Harry Belafonte ambamo wimbo huo umo. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyejulikana sana kuwa mtunzi, lakini Grant Charo, Mkenya mwenzake, naye alidai ni wake, na huku Tanzania wako wanaomtaja Adam Salim. Wimbo wa mtu asiye na fedha umewapatia fedha watu wengi, na bado wanagombea baba wa mtoto.

Wengine walitaka ladha ya Afrika tu, maana si kitu. Mwaka 1983 Lionel Richie aliimba "All Night Long", na katikati ya wimbo kuna maneno yanayosikika kama lugha ya Kiafrika, "jambo" likiwa limo. Watu walihangaika kutafuta tafsiri, kumbe mwimbaji mwenyewe alikiri kwamba aliyabuni tu. Michael Jackson alijitahidi zaidi. Katika "Liberian Girl" ya mwaka 1987 alimwita Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini, atamke maneno ya mapenzi kwa Kiswahili. Hayo angalau yanaeleweka. Tatizo ni kwamba msichana anayeimbwa ni wa Liberia, na kutoka Dar es Salaam hadi Liberia ni kuvuka bara zima, wala huko hawasemi Kiswahili. Labda naye alitafuta mkalimani.

Tuseme pia la fahari. Mwaka 1966 ilianza nchini Marekani tamthilia ya televisheni ya "Star Trek", juu ya watu wanaosafiri angani, na mmoja wa maofisa wa chombo hicho alikuwa mwanamke mweusi, Luteni Uhura. Jina linatokana na uhuru wetu huuhuu, herufi ya mwisho ikageuzwa ili lisikike la kike masikioni mwa Wazungu. Mwigizaji, Nichelle Nichols, alisimulia kwamba baada ya mwaka wa kwanza alitaka kuacha akaigize jukwaani, ndipo akakutana na Martin Luther King. King akamsihi abaki. Alimwambia kwamba hicho ndicho kipindi pekee ambacho yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto wao kukesha wakikitazama, kwa kuwa humo mtu mweusi alionekana katika nafasi ya heshima, si akifagia. Akabaki. Nichelle Nichols alifariki mwaka 2022. Tunapowagombeza watoto juu ya televisheni, na mara nyingi tunayo haki, tukumbuke kwamba kina King nao walikaa wakachagua watoto watazame nini.

Mwaka huohuo wa 1966, huko Marekani, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, kutokana na "matunda ya kwanza". Huanza tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari, na kila siku ina nguzo yake: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Ile "a" ya pili mwishoni, kwa maelezo yao, iliongezwa ili jina litimize herufi saba. Ukikutana na msichana Mmarekani mweusi aitwaye Imani au Nia, sasa unajua.

Kwa wanakwaya tunalo la kuwafurahisha. Mwaka 2005 ulitoka mchezo wa kompyuta uitwao "Civilization IV", na wimbo wake wa ufunguzi ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, "Baba Yetu". Muziki ni wa Christopher Tin, Mmarekani, na maneno yalipangwa na Chris Kiagiri. Baadaye kwaya ya Soweto Gospel Choir iliurekodi, na mwaka 2011 ukapata tuzo ya Grammy, ukiwa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kuipata. Vijana wasiokanyaga kanisani, wa Korea hadi Brazili, wanaijua sala hiyo kwa Kiswahili, pengine bila kujua kuwa ni sala.

Tumalizie na kitu cha kushika mkononi. Madukani huuzwa mchezo wa vijiti vya mbao uitwao Jenga. Aliyeubuni ni Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1955 na kukua akisema Kiswahili. Familia yake ilipohamia Ghana, watoto walichezea vipande vya mbao kutoka kiwanda cha kupasua mbao, na mwaka 1983 akaupeleka mchezo huo kwenye maonyesho ya vitu vya watoto London. Alishauriwa abadilishe jina, akakataa.

Bei yake dukani si ya kila mfuko, lakini mabaki ya mbao kwa fundi seremala ni ya kuokota. Mwombe akukatie vipande 54, kila kimoja urefu sentimeta 7.5, upana 2.5 na unene 1.5, kisha avipige msasa vizuri visiwachome watoto. Panga vitatu vitatu, safu moja ikikingama juu ya nyingine, hadi safu 18. Kila mchezaji anachomoa kimoja kwa mkono mmoja na kukiweka juu. Anayeangusha ndiye aliyeshindwa, na katika nyumba zetu huyo anaweza kuosha vyombo. Vipande vikitofautiana kidogo sana usimrudishie fundi: ndivyo vinavyofanya vingine vilegee na vingine vikaze, na baba atakayejidai mjuzi atajikuta ameshika kilichokaza.