Viwanja vya Ndege za Vita: Barua kwa Jamaa wa Pwani ya Kaskazini

Lisboa, Ureno

Kwa wazee wangu, ndugu zangu na jamaa zangu wa Mocímboa da Praia, Palma, Quionga na Nangade, na kwa wenzetu wa nyanda za juu za Mueda.

Baada ya kumwomba Mwenyezi Mungu awarejeshe makwao kwa amani wale wote ambao fitina iliyoanza Oktoba 2017 imewatawanya, nawaarifu kwamba mimi huku ughaibuni ni mzima, alhamdulillahi, na kwamba lililonishikisha kalamu leo si haja ya mali wala habari ya msiba, bali ni jambo lililonikaa moyoni kwa muda mrefu, nalo ni habari ya viwanja vya ndege vya zama za vita vilivyomo katika nchi yetu ya Msumbiji, na wajibu wetu wa kuvihifadhi pamoja na habari zake, maadamu wapo bado miongoni mwenu watu walioyaona mambo yale kwa macho yao.

Nje kidogo ya mji huu wa Lisboa, huko Sintra, katika kambi ya jeshi la anga, ipo nyumba ya makumbusho iitwayo Museu do Ar, ambamo Wareno wamezihifadhi ndege zao za zama mbalimbali. Mna humo ndege ya T-6, iliyoundwa Marekani kwa ajili ya kufundishia marubani na ambayo Wareno waliifunga silaha. Mna Dornier Do 27, ndogo na nyepesi, yenye kutua penye kiwanja kifupi. Mna helikopta ya Alouette III. Mna na jeti ya Fiat G.91. Hizo ndizo aina zilizokuwa zikizunguka juu ya vichwa vya wazee wetu kwa miaka kumi, nao wakazijua kwa milio yake kabla ya kuyaona maumbo yake. Leo zimesimama kimya, zimesuguliwa na kupakwa rangi, na kila moja ina kibao cha kueleza injini yake, mwendo wake na mwaka wa kuundwa kwake. Na huko Belém, kando ya mto Tejo, upo ukumbusho wa ndege ya majini ambayo Gago Coutinho na Sacadura Cabral waliivukia bahari ya Atlantiki mwaka 1922 (na huyo Gago Coutinho, kabla ya sifa hiyo kumfikia, alipata kuipima ardhi ya Msumbiji kwa ajili ya ramani za serikali yake), na si mbali na hapo upo ukuta wenye majina ya askari wa Ureno waliokufa katika vita vya Afrika, maelfu ya majina, yamechongwa moja baada ya jingine.

Siwalaumu Wareno kwa jambo hilo hata kidogo. Wamewaenzi wafu wao na kuvitunza vyombo vyao, na kufanya hivyo ni uungwana. Lakini kila niingiapo katika jumba lile moyo wangu huniambia kwamba makumbusho yale ni nusu tu ya makumbusho, kwa kuwa ndege ya vita haitoshi kuelezwa kwa injini yake na mabawa yake, bali huelezwa pia kwa ardhi iliyoipokea ilipotua, kwa mashamba iliyoyachoma, na kwa watu waliojificha chini yake. Na hayo yote, jamaa zangu, hayapo Sintra. Yapo kwenu.

Nianzie mbali kidogo, maana wengi wa vijana wetu hudhani kwamba habari ya ndege za vita katika pwani yetu ilianza na vita vya ukombozi, na sivyo. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Wareno walipokuwa wamekwisha kuitwaa Quionga kutoka kwa Wadachi (Wajerumani) mwezi wa Aprili 1916, na majeshi yao yakiwa yanapanga kambi baina ya Palma na Mocímboa da Praia, serikali yao ilileta kwa meli kikosi cha ndege tatu aina ya Farman F.40, zilizoundwa Ufaransa, ndege za mabawa ya ghorofa mbili, rafadha yake ikiwa nyuma ya rubani. Kikosi hicho kiliwekwa Mocímboa da Praia, na hapo, mwezi wa Septemba 1917, ndipo ndege za jeshi la Ureno ziliporuka kwa mara ya kwanza katika Afrika yote. Hazikukaa angani muda mrefu. Siku hizo hizo za mwanzo afisa Jorge de Sousa Gorgulho alianguka na ndege yake hapo hapo Mocímboa na kupoteza maisha, na baada ya ajali hiyo kikosi kile hakikufanya kazi kubwa katika vita. Jina la afisa huyo limo katika vitabu vya tarikhi ya anga ya Ureno, na ni haki yake. Lakini wapagazi wa vita ile, wana wa pwani na wa bara waliokamatwa kwa nguvu kubebeshwa mizigo ya majeshi na kufa maelfu kwa maelfu kwa njaa, kuhara na homa, wao hawana ukuta wenye majina yao, si Belém wala kwetu.

Na mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, likatokea jambo ambalo laiti lingekamilika lingesimuliwa mpaka leo katika kila baraza la pwani. Wadachi walikuwa na merikebu ya hewani iitwayo L59, nao wakaipakia dawa na risasi kiasi cha tani 15, wakaiondoa Jamboli, katika nchi ya Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917, ili imfikie jemadari wao Lettow-Vorbeck katika nyanda za Wamakonde, upande wa kaskazini wa mto Ruvuma. Ilipofika juu ya nchi ya Sudan ikaamriwa kwa simu ya upepo irudi, ikageuka, nayo ikatua tena Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 angani na safari ya takriban kilomita 6,800. Siku ile ile ya tarehe 25 Lettow-Vorbeck aliuvuka Ruvuma penye Ngomano, akawavunja Wareno na kuchukua silaha na vyakula vyao, na vita vikaingia rasmi katika ardhi yetu. Watalii wa tarikhi huko Ulaya huisimulia safari ile kwa mastaajabu makubwa, na nchi ambayo chombo kile kilikuwa kikiielekea, yaani nchi yetu, huwa ni jina tu pembeni mwa ramani.

Sasa nije kwenye vita vya ukombozi, ambavyo wengi wenu hamhitaji kusimuliwa. Vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964 kwa shambulio la wapigania ukombozi wa FRELIMO huko Chai, Mueda ilikuwa imekwisha kuwa na jeraha lake la tarehe 16 Juni 1960, siku watu walipopigwa risasi mbele ya ofisi ya mtawala. Na juu ya jeraha hilo Wareno wakajenga kituo kikubwa cha kijeshi chenye kiwanja cha ndege, wakakipa namba 51 katika orodha ya viwanja vyao vya vita. Kutoka hapo helikopta zilichukua askari na kuwashusha msituni, na zile T-6 zikaruka kupiga bunduki na kudondosha mabomu, na jeti za Fiat zikaja kutoka Nacala. Mwezi wa Julai 1970 Jenerali wa Ureno Kaúlza de Arriaga akaanzisha operesheni aliyoiita Nó Górdio, akazifuata kambi za FRELIMO za nyanda za juu, miongoni mwake Base Gungunhana na Base Moçambique, kwa mizinga, magari na ndege kwa pamoja. Alizikuta kambi, lakini watu wa kambi hizo walikuwa wamekwisha kutawanyika katika vikosi vidogo, na vita vikaendelea. Mwaka 1974 wapiganaji wakaanza kuwa na makombora ya Strela, yarushwayo kutoka begani, na marubani waliozoea kuruka chini chini wakalazimika kubadili mwendo wao.

Hiyo ni tarikhi ya majemadari. Tarikhi ya pili ni ya wale waliokuwa chini: akina mama waliozima moto alfajiri ili moshi usionekane na rubani, wakala muhogo mbichi mchana kutwa, wakulima waliogawa mashamba yao vipande vidogo chini ya miti, mabinti waliouvuka Ruvuma wakitoka Tanzania na sanduku la risasi kichwani, majeruhi waliobebwa kwa machela mpaka Mtwara, kwenye hospitali ya FRELIMO iliyopewa jina la Américo Boavida, watoto waliookota karatasi zilizodondoshwa na ndege, zenye kuwataka wazazi wao wajisalimishe. Wapo na wale ambao hatupendi kuwataja, nami nasema watajwe: wana wa kwetu waliofyeka viwanja vile kwa ujira mdogo au kwa kulazimishwa, waliopika katika kambi, waliovaa nguo za askari wa Ureno, na waliohamishiwa kwenye vijiji vya seng'enge chini ya ulinzi. Kuwaficha hao ni kuidanganya tarikhi, na mtoto akija kuugundua uongo mmoja hatatuamini tena katika yaliyo kweli.

Najua atainuka mtu, na ana haki ya kuinuka, aseme: Ewe uliyekaa Lisboa katika nyumba isiyovuja, unatuandikia habari za makumbusho na sisi mji wetu wa Mocímboa ulitekwa na waasi Agosti 2020, ukakombolewa baada ya mwaka mzima, na Palma ikashambuliwa Machi 2021, na jamaa zetu wengine wamo mpaka leo katika makambi ya waliokimbia huko Metuge? Namjibu kwa heshima kwamba ni kwa sababu hiyo hiyo nimeandika sasa. Mzee aliyekimbia Mocímboa amekwenda na kumbukumbu zake, na akifia kambini mbali na watu wanaojua mahali anapopataja, habari yake haitapata wa kuithibitisha. Aliyekuwa kijana wa miaka 15 wakati wa Nó Górdio amekwisha kupita miaka 70. Chakula, dawa na usalama vitangulie; sipingi. Lakini kumsikiliza mzee na kuyaandika maneno yake hakumnyimi mtu kibaba cha mchele.

Wala si kweli kwamba jambo hili ni la mataifa tajiri pekee. Huko Mbuzini, katika Afrika ya Kusini, mlimani ilipoanguka ndege ya Rais Samora Machel tarehe 19 Oktoba 1986, pamejengwa ukumbusho uliobuniwa na José Forjaz, msanifu majengo wa Msumbiji, ukafunguliwa tarehe 19 Januari 1999: mabomba 35 ya chuma yaliyosimamishwa wima, kwa hesabu ya waliofariki, na upepo ukiyapitia yanalia. Hapana marumaru pale wala dhahabu. Ni chuma, upepo na fikra ya mtu wetu. Na jirani zetu wa Taita, nchini Kenya, mahali kama Mbuyuni ambapo ndege za Waingereza ziliruka mwaka 1916, wameufanya uwanda wa vita ile ya zamani kuwa mahali pa wageni kutembezwa na kusimuliwa. Sisi tunayo sheria yetu, Sheria namba 10/88 ya tarehe 22 Desemba 1988, ya kulinda turathi za taifa. Kilichobaki ni watu wa kuidai.

Basi naomba haya. Katika Mocímboa da Praia liwekwe jiwe, hata dogo, lenye mwaka 1917, lenye kumtaja rubani aliyekufa na wapagazi waliokufa, kwa Kimwani, Kiswahili na Kireno. Katika Mueda walimu wanaowapeleka watoto kwenye ukumbusho wa 16 Juni wawaeleze pia habari ya kiwanja cha ndege, maana mambo hayo mawili ni ya tarikhi moja. Sitaki kiwanja chochote kifungwe. Ndege ziendelee kutua, na ukumbusho unaweza kukaa pembeni bila kumzuia mtu. Atakayeona kipande cha ndege, pipa la mafuta la zama zile au bamba la chuma la njia ya kurukia, asikiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, bali amwarifu mwalimu au mkuu wa mtaa. Na atakayeona bomu asiliguse kabisa, bali atie alama mahali pale na kuwaita wenye ujuzi. Na kila kijana mwenye simu amkalishe babu yake au bibi yake, amuulize alikuwa wapi ndege zilipokuja, amwache aseme kwa Kimwani, Kimakonde au lugha yoyote aliyoizoea, airekodi sauti yake nzima bila kuikata, na ataje jina lake, kijiji chake na mwaka.

Nasi wa huku tuna sehemu yetu. Askari wa Kireno waliopigana kwetu ni wazee sasa, na wengi wana picha ndani ya masanduku: picha za Mueda, za Nangade, za Mocímboa, za viwanja na watu waliosimama kandoni mwake ambao hapa hakuna awezaye kuwataja kwa majina. Hati nyingine zimo katika Arquivo Histórico Militar, hapa hapa Lisboa, na msomaji huruhusiwa kuziona. Kazi ya kuzinakili na kuzileta nyumbani naichukua mimi pamoja na wenzangu. Nitakapowaletea picha hizo, tafadhalini msiziangalie tu na kuziweka. Zipelekeni kwa wazee, muwaulize ni nani huyu na ni wapi hapa, mwandike majibu yao nyuma ya kila picha, mnirudishie nakala.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa ughaibuni