Magofu ya Chovai ni hati yetu, tusiyavunje

NIKIULIZWA ni ngome gani ninayoipenda zaidi katika pwani yetu, wengi hutarajia niitaje Fort Jesus ya Mombasa. Siwalaumu. Mreno alianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaizingira tangu 1696 na kuitwaa 1698, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kila mtoto wa shule aliyefika Mombasa ameiona.

Hata hivyo, Fort Jesus ilijengwa na mgeni ili kumtisha mwenyeji. Moyo wangu huenda mbele zaidi, hadi Siyu katika Kisiwa cha Pate. Huko unaingia kwa mashua kupitia mkondo wa mikoko, tena maji yawe yamejaa, la sivyo utalala topeni. Wenyeji husimulia kwamba ngome ile waliijenga wao wenyewe. Katika miaka ya 1840, zama za Bwana Mataka, mji huo uliyarudisha nyuma majeshi ya Seyyid Said wa Zanzibar, ukaja kusalimu amri mwaka 1863 wakati wa Seyyid Majid. Ukisimama juu ya ukuta ule unaelewa kuwa watu wa visiwani hawakuwa mateka wa historia.

Lakini kuna mawe mengine ninayoyapenda kuliko hayo yote, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu leo. Yako ng'ambo ya mpaka, katika visiwa vya Wabajuni vilivyopangana kutoka Kismayu hadi Ras Kiamboni. Chovai, Chula na Koyama vina magofu ya misikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe yaliyopigwa chokaa. Birikau, ambayo ramani huiita Bur Gavo, ina ukuta wa mji wa kale na makaburi ya mnara. Wapo wasomi walioinasibisha Birikau na Shungwaya, mji unaotajwa katika masimulizi ya asili ya jamii nyingi za pwani. Mwitaliano Vinigi Grottanelli aliandika kitabu kizima juu ya Wabajuni mwaka 1955, na mwanaakiolojia Neville Chittick akaikagua pwani hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960.

Kismayu nayo ina kisa chake. Wazee hupenda kusema jina lenyewe latokana na kisima cha juu. Askari wa Sultani wa Zanzibar walikaa pale. Mwaka 1875 Khedive Ismail wa Misri alituma merikebu chini ya McKillop Pasha zikauteka mji huo pamoja na Barawa, kisha Waingereza wakamshinikiza akaondoka. Hadi mwaka 1925 Kismayu ilitawaliwa kutoka Nairobi, ndipo Mwingereza akampa Mwitaliano Jubaland. Bendera zimebadilika, lakini makaburi yale hayajahama.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili si la watalii pekee. Vita vilipozuka mwaka 1991, Wabajuni walikimbia kwa majahazi na mashua hadi Mombasa. Wengi waliishi kambi ya Jomvu, na ilipofungwa mwaka 1997 baadhi walirejeshwa Kismayu na visiwani. Wengine walifika Ulaya.

Ndugu yangu mmoja ni kati ya hao waliofika Ulaya. Alikalishwa mbele ya afisa akaambiwa athibitishe kuwa kwao ni visiwani. Hakuwa na kitambulisho wala cheti cha kuzaliwa. Akaulizwa visiwa vimepangana vipi na msikiti uko upande gani. Alipofika kwenye kaburi la kale lililo nyuma ya msikiti, akaeleza vishimo vilivyoachwa na mabakuli ya Kichina yaliyong'olewa ukutani. Aliniambia kwamba siku hiyo kaburi lile lilikuwa shahidi wake wa pekee.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Waliorejea wanahitaji nyumba, nami sikatai. Lakini jiwe la kale lililo karibu ni kishawishi kikubwa. Ni rahisi kulibeba likawa msingi, au kulichoma likawa chokaa, kuliko kuchimba jipya. Ninawasihi ndugu zangu, tusijenge kwetu kwa kubomoa ushahidi kwamba ni kwetu. Kesho mtu akija kudai kisiwa ni chake, tutamwonyesha nini? Karatasi hatuna, mawe tunayo.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani nina neno pia. Nyinyi mnaopeleka kambakoche na kurudi na unga na nguo mnaijua njia kuliko serikali zote mbili. Ukiletewa bakuli la kale au jiwe lenye maandishi, usilipakie. Kwa upande wa Kenya, sheria ya mwaka 2006 ya makavazi na turathi inakataza kusafirisha vitu vya kale nje ya nchi bila kibali. Na hata pasingekuwa na sheria, bakuli likitoka kaburini huuzwa mara moja tu, halafu kaburi hubaki tobo milele.

Wakuu wa Kismayu na Mogadishu nao wasijifiche nyuma ya vita. Somalia iliridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia mwaka 2020. Kuyaandika magofu haya kwenye daftari, kisiwa kwa kisiwa, hakuhitaji kifaru. Kunahitaji mtu mwenye kamera, mzee anayejua majina, na mashua ya siku chache.

Simwambii mtu afunge safari kesho. Al-Shabaab hawajatoweka, na Desemba 2024 majeshi ya serikali ya Mogadishu na ya Jubaland yalipigana pale pale Ras Kamboni. Anayetaka kutembea kwa raha aanze Lamu, kwenye ngome iliyokamilika mwaka 1821, kisha aende Siyu. Visiwani aende mwenye jamaa huko, tena baada ya kuuliza.

Lakini wewe unayekwenda kwa sababu ni kwenu, chukua simu yako uyapige picha makaburi ya wazee. Muulize bibi jina la aliyelala pale, uliandike. Ikifika siku ya kuulizwa wewe ni nani, usije ukatafuta shahidi ukakuta umemjengea jikoni.