Liemba isifanywe makumbusho, irudi kubeba watu

Wakaaji wengi wa Uvira na Fizi wanaikumbuka Liemba kama meli iliyowarudisha nyumbani. Mwaka 1997, kisha utawala wa Mobutu kuanguka, HCR iliitumia kubeba wakimbizi kutoka Kigoma mpaka Uvira. Mtoto aliyeshuka bandarini mgongoni mwa mama yake leo ni mtu mzima, na pengine amekwisha kukimbia tena mara mbili, mara tatu.

Wachache wanajua kwamba iliwahi kuwa meli ya vita. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaivunja vipande, wakaipakia ndani ya masanduku 5,000 mpaka Dar es Salaam, halafu Kigoma. Mwaka 1915 ilianza kutembea ziwani na mizinga, jina lake Graf von Goetzen, kupigana na Wabelgiji waliokuwa ng'ambo, upande wa Kalemie.

Mwezi wa saba 1916 Wajerumani walishindwa, wakaizamisha wenyewe. Lakini kwanza mafundi wao walipaka mashini grisi nzito, wakitumaini kurudi siku moja. Hawakurudi. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza walipoitoa majini mwaka 1924, walikuta mashini zingali zinafaa. Mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kazi ya watu waliokuwa wanakimbia, na meli ikapona!

Miaka ya 1970 iliwekewa motere za mazutu. Mwezi wa tano 2015, Warundi walipojaa kwenye ufuko wa Kagunga bila barabara ya gari, mitumbwi iliwapeleka mpaka kwenye Liemba, nayo ikawavusha Kigoma, watu karibu 600 kwa safari.

Sasa serkali ya Tanzania imeamua kuitengeneza tena. Wako wanaosema chombo cha zaidi ya miaka 100 kiwekwe makumbusho, watalii wapige picha. Hapana. Meli ikisimama, kutu inaila. Tena watalii hawalali usiku kucha ndani ya boti za mbao zinazojazwa kupita kipimo, magunia ya samaki juu ya watu, bila jile za kuokoa. Wanaolala humo ni wakaaji wa Kalemie, Moba na Baraka, na jamaa zao walio kambini Nyarugusu wanaongoja siku ya kurudi.

Wakubwa wa Kinshasa na wa majimbo wasingoje meli imalizike ndipo waulize. Waombe mapema isimame Uvira na Kalemie, bei ya tikiti ijulikane, na bandari zitengenezwe ili iweze kufunga kamba. Na vijana mafundi wa motere wapelekwe Kigoma wakati kazi ingali wazi. Meli zilizokufa bandarini Kalemie hazikukosa chuma. Zilikosa piesi, grisi, na fundi anayelipwa mwisho wa mwezi.